Kunhuta Amegoma Kula

Miaka yote ya ndoa yao, kwenye soko la nyoka la mjini Ostrava aliyesifiwa ni Radim, na aliyeyeyusha panya wa barafu wa kulisha nyoka ni mkewe, Drahomira. Usiku huwahamisha kutoka friza hadi friji, asubuhi huwafunga kwenye mfuko na kuwazamisha katika maji ya vuguvugu. "Mpishi wa panya," Radim alimtania mbele za watu. Haya. Akaja Silvie na kucha zake za rangi, Radim akahamia kwake, tena akambeba na chatu wao, Kunhuta! Mume aende zake, salama salimini. Lakini Kunhuta, aliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu? Hilo hapana. Akaapa atamrudisha, na Radim atamkoma.

Baridi ilipoisha, simu ikalia.

"Draha, Kunhuta hali. Amekonda mno. Nilimtia panya kwenye maikrowevu, akapasuka."

"Enhe! Jiko lilinukaje?"

"Draha, tafadhali."

"Nakuja. Akila, ni wangu."

Radim akakubali, angefanyaje?

Jumamosi Drahomira alifika na panya aliyeyeyuka barafu yote hadi ndani ya tumbo. "Mdogo wangu," alimwambia Silvie, "niazime mashine yako ya kukaushia nywele." Akampuliza panya kichwa mpaka kikapata joto kama la aliye hai, akamning'iniza kwa koleo. Kunhuta akatoa ulimi, akakunja shingo, paa! Akamnasa, akammeza.

"Ahsante," Drahomira akamrudishia Silvie mashine, manyoya ya panya yameganda kwenye tundu la kupulizia.

"Mchukue uondoke!" Silvie alifoka.

"Thubutu! Nyoka aliyeshiba hasogezwi, atatapika. Nitalala hapo kwenye kochi siku mbili. Muulize bwana."

Radim akakiri. Ilikuwa kweli.

Basi Drahomira akajikalia kama kwake. Akapika supu ya kitunguu saumu, akamsimulia Silvie jinsi Radim anavyokatia kucha mezani, anavyompigia mamake simu kuuliza avae soksi zipi. Mwanzoni Silvie alicheka. Jumapili jioni hakucheka tena.

Jumatatu Drahomira alimtia Kunhuta kwenye foronya, akaifunga fundo. Mlangoni akamkuta Radim kasimama na mabegi yake, macho mekundu.

"Mchukue na huyu," Silvie alisema. "Nimechoka naye."

Radim akamtazama mkewe wa zamani kwa matumaini.

"Aa, mdogo wangu," Drahomira alisema akiteremka ngazi, "mimi nilifuata nyoka tu."