Shikamoo Tatu kwa Faili Moja

Nakumbuka siku moja, Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana. Saa naijua kwa kuwa niliiandika kwenye daftari langu la siri. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nachapa kwenye ofisi ya mradi wa kupima kina cha ziwa, hapa Mwanza. Dakika hiyo nilihifadhi jedwali tupu kwa jina la faili la ramani. Ramani ikafutika. Mwanangu, wazee wa boti walishusha kamba majini miaka miwili kuipata, na kesho yake ilikuwa ichapwe, wavuvi wajue miamba iliko.

Kompyuta yetu kubwa ilikuwa na tabia nzuri: kila saa sita mchana ilijipiga picha, ikashikilia mafaili yote yalivyokuwa saa hiyo, na kuitupa picha ya jana. Basi ramani ilikuwamo kwenye picha. Nikajaribu kuinakili nje. Mashine ikajibu: nafasi haitoshi. Nikafuta barua za ofisi. Haitoshi. Nikafuta ripoti za mvua. Haitoshi!

Aliyejua dawa ni Mama Nyanzobe, mlezi wa mashine ile, naye alikuwa barazani anakula na wageni kutoka Magu. Kwetu mtoto hakatizi wakubwa wakila, na mimi aibu yangu ilizidi hata hiyo adabu. Nikaenda mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikarudi. Nikakaa, nikasimama, nikaenda tena. "Shikamoo, mama." Akaitikia huku ananitazama kwa pembeni.

Niliporudi kwenye kiti nikagundua jambo: picha ndiyo iliyobana nafasi. Nikiifuta, nafasi tele! Akili ya mwenye hofu, mwanangu, huchoma mpunga ili ipate ghala. Kidole kikawa juu ya kitufe. Sijui nini kilininyanyua tena.

"Shikamoo, mama."

"Ya tatu hiyo! Kwani nimekufa nikafufuka mara mbili?"

Wageni wakacheka. Yeye akanawa mikono, akaja, akasoma skrini.

"Ulitaka kufuta picha?"

"Nilitaka nafasi, mama."

"Ungebaki na nafasi na huna cha kuweka. Hata ukifuta vingine, picha bado imevishika, nafasi hairudi. Faili kubwa hulitoi nje yakawa mawili. Unaiambia mashine ilirudishe palepale lilipokuwa." Akaandika mstari mmoja. Ramani ikarudi kabla sijapangusa machozi. "Ila ulichoingiza tangu saa sita kimekwenda, utakiandika upya. Kuna kingine umefuta?"

"Hapana, mama."

"Haya. Mficha uchi hazai, wewe mtoto."

Basi nakuusia, mwanangu: ukibanwa, usiguse kile kimoja kinachoweza kukuokoa. Na wakubwa wakila, katiza. Chakula hupashwa moto, ramani hazipashwi. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mkono mzito wa kufuta.

Mimi ulimi wangu ulichelewa. Asubuhi iliyofuata, nikijua saa sita ile picha itatupwa, nilimngoja Mama Nyanzobe stendi ya Buzuruga aliposhukia. Nikamwamkia mara moja tu, na kabla hajaitikia nikasema, "Mama, jana nilifuta pia barua za ofisi na ripoti za mvua."