Ng'ombe wa Barabara ya Nzega

Dereva wa lori la kuhamishia watu hakunywa chai mbele ya abiria wake. Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, kila alipotoka Tabora alisimama kwenye kibanda cha Josepha, akageukia ukuta na kushika kikombe kwa mikono miwili, na chai bado ikamwagika. Mfukoni alikuwa na mirungi iliyofungwa kwa jani la mgomba. Alichambua majani machanga kwa kucha, akayasukumia shavuni mpaka shavu likatuna. Chakula hakukigusa. Wiki hadi wiki Josepha aliyaona macho yake yakizidi kuzama. Siku moja, akipokea kikombe, alimgusa kifundo cha mkono, na mshipa ukadunda vidoleni mwake mbio kama cherehani.

"Unalala saa ngapi, kaka?"

"Nikimaliza kuhamisha, dada."

Jumatatu moja lori lilifunga breki ghafla karibu na kibanda, masufuria na kuku wakaporomoka. Dereva alishuka na fimbo, akaanza kumswaga ng'ombe aliyelala katikati ya barabara. Barabara ilikuwa tupu. Kule juu ya lori hakucheka mtu. Akina mama waliwavuta watoto kifuani. Josepha akaenda, akaswaga naye mpaka ukingoni.

"Ameondoka?" aliuliza dereva, jasho likimtiririka.

"Ameondoka, kaka. Lete ufunguo."

Aliutoa bila ubishi. Kisha dereva akamshika Josepha mkono taratibu, akamwomba apite pembeni, asije akamkanyaga ndama.