Kipone Kibichi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilirudi Mombasa kutoka katika mojawapo ya safari zangu zisizo na kichwa wala miguu, nikafikia kwa shangazi yangu, Mji wa Kale. Nilimkuta ameketi, mguu juu ya kigoda. Alikuwa amekanyaga msumari, na ugonjwa wa sukari ukaizuia nyama isishikane. Kisigino kilikuwa na shimo la kuingia kokwa ya tende. Daktari alisema likifika mfupani, mguu utakatwa. Shangazi alikuwa akishona mabuibui kwa cherahani cha kukanyaga, na ndicho kilichomlisha tangu awe mjane.

Alijitibu kama tulivyolelewa. Unafungua kapsuli za rangi mbili, unanyunyiza ule unga, kisha unauanika mguu juani.

Muuguzi wa zahanati moja ya Makadara, mama wa Kigiriama aliyekaa Tudor, alijitolea kumpitia kila siku ya tatu akitoka kazini. Alikuja na tyubu za dawa ngeni alizoachiwa na daktari mgeni aliyepita zahanatini: ute mzito unaong'aa, kama ute wa yai. Alieleza kwamba karibu wote ni maji, na kazi yake ni kukipa kidonda unyevu ili nyama mpya ipate pa kutambaa. Akalijaza lile shimo, akafunga bendeji, akasema kwa upole, "Muhimu, mama, kidonda hiki kisikauke."

Shangazi akauvuta mguu. Kwetu kidonda kikipona husemwa kimekauka. Jirani huuliza hivyo, nawe hujibu alhamdulillahi.

"Wanitakia kisikauke," akasema taratibu. "Nimekukosa nini, mwanangu?"

Muuguzi alicheka, akidhani anataniwa, akaenda zake.

Kesho yake shangazi aliniagiza maji ya chumvi. Tulipofungua bendeji, ute ulikuwa umechanganyika na maji ya kidonda ukageuka manjano, tukaamini ni usaha. Niliuosha wote kwa mkono wangu, tukanyunyiza unga. Hilo bado linanielemea, maana mimi ndiye niliyesoma biolojia mpaka kidato cha nne.

Muuguzi aliporudi alikuta gamba jeusi, na chini yake shimo limezidi kwenda ndani. Hakugomba. Aliketi mkekani akauliza kumetokea nini, nami nikamweleza habari ya lile neno. Hata kwa mama yake, alisema, kidonda hukauka. Kazi ndiyo iliyomsahaulisha.

"Basi, mama, tukiombee kipone kibichi."

"Kibichi hakiponi. Kibichi huliwa na nzi."

"Huyo nzi atapita wapi, nami nimefunga?"

Shangazi akacheka kidogo, kisha akaunyoosha mguu. Lakini alitoa sharti: lile neno lisitamkwe tena nyumbani mwake, kwa heri wala kwa shari. Kwa wiki nyingi hata nguo za kambani hazikukauka. "Kanga zimepona," alikuwa akiniambia, "kazianue."

Siku hizi nasoma kwamba ute wa namna ile hutiwa vitu vinavyoiita nyama na mishipa iote upya. Sijui kama wetu ulikuwa na lolote la hivyo. Najua ulikuwa na unyevu, na mwanamke aliyezipanda ngazi zetu na miguu yake imevimba kwa kusimama kutwa.

Tyubu zilikwisha kabla shimo halijaziba. Siku ya kuonana na daktari nilimsindikiza shangazi. Daktari aliingiza kijiti chembamba, akautafuta mfupa, asiupate. Akasema mguu utabaki.

Tukarudi nyumbani. Shangazi aliketi karibu na dirisha, akakigeuza kisigino kwenye mwanga. Pembeni mwa shimo palikuwa na ngozi mpya, nyekundu ya kufifia, nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Akaniambia niiguse. Nilisita, naye akangoja bila kuuondoa mguu. Nikaigusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na joto.