Video Niliyochukua Katika Majani ya Mama Chebet

Huu mkasa nimekuwa nikiuficha, na sijui hata namficha nani kwa sababu hapa kwetu Mogogosiek wote waliuona kwa simu zao, wengine mara mbili mbili, lakini leo acheni niusimulie mwenyewe maana nimechoka kusimuliwa.

Mimi ni fundi wa cherehani, na kazi yangu kubwa si sare za shule wala magauni, ni aproni za kuchuna majani chai, zile nzito za turubai ambazo mchunaji anajifunga kutoka kifuani mpaka chini ya magoti ndiyo umande usimloweshe (chuna bila aproni uone, kufika saa tatu hata soksi zinakamulika). Biashara ilikuwa inaenda pole pole, mtu akimwambia mtu, mpaka kukatokea kijana fundi huko upande wa Litein, mtanashati, anajimwagia ndoo nzima ya maji juu ya aproni kwa video huku akicheka na meno yote, na wateja wangu mwenyewe wakaanza kunionyesha hiyo video wakiniuliza kama zangu pia hazipitishi maji. Zangu! Nilizoanza kushona yeye akiwa bado anafungiwa viatu na mamake.

Sasa, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kimeamua kununua aproni thelathini kabla mvua ndefu haijaanza, na uamuzi ulikuwa ni Jumatatu jioni, ama mimi ama yule kijana. Nilizitaka hizo aproni thelathini vile mgonjwa anataka dawa, kwa sababu cherehani yangu ni ya kushona vitambaa laini, turubai inaivunjia sindano kila siku, na kwa hiyo kazi moja ningenunua ile nzito ya kushonea viti vya magari. Mwenyekiti wa kikundi ni Mama Chebet, jirani yangu, tumepakana shamba kwa shamba, tumezaa pamoja na tumezika pamoja.

Nilikaa wiki nzima nikijiuliza, nifanye video ama nisifanye. Baba Faith, huyu mzee wangu, alisema mtu mzima hauzi vitu kwa kujirusha rusha kwa simu, kazi nzuri inajitangaza. Faith, binti yetu anayesoma chuo kikuu cha Kabianga, akanipigia akasema, "Mum, siku hizi watu hawanunui kitu kama hawajakiona kikifanya kazi. Jichukue ukichuna, unitumie, mimi nitaipanga vizuri niiweke." Hayo maneno ya kikifanya kazi yaliniingia.

Shida ikawa moja. Majani yetu yalikuwa yamekatwa (wenye chai mnajua, kila baada ya miaka kadhaa unaikata chini ndiyo ichipuke upya), kwa hivyo shamba letu lilikuwa vijiti tupu, ungedhani moto umepita. Na upande wa pili wa ua, majani ya Mama Chebet yalikuwa yameiva, kijani kibichi, yamelala sawa kama kitanda cha mgeni, yanangoja kuchunwa Jumatatu. Ningemwomba? Nikaona aibu, nikaona nikimwomba siku moja kabla ya uamuzi itakuwa kama namkumbusha urafiki ili anipendelee. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniua. Nikaamua niingie tu Jumapili watu wakiwa kanisani, dakika kumi, nitoke, nani atajua.

Basi Jumapili nikamwambia Baba Faith tumbo linanikata, akaenda peke yake na sura ya huruma, na mimi kufika saa nne niko katikati ya chai ya wenyewe, aproni mpya kifuani, kikapu mgongoni, simu nimeifunga kwa fito na ile futi yangu ya kupimia nguo. Simu ikaanguka. Nikaifunga tena, nikaanza upya, ikaanguka ikiangalia mbinguni. Mara ya tatu ng'ombe wa Mama Chebet akalia nikiwa katikati ya sentensi, mara ya nne nikasahau kutaja namba ya simu. Na jamani, mkono wa mtu aliyezaliwa kwa chai haujui kuigiza! Mimi mdomo unaongea na kamera, mikono yenyewe inachuna, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, nasonga mbele na mstari, mpaka video ilipokubali nikageuka nikaona nimemaliza mistari minne, na kikapu kimejaa.

Nilisimama hapo nikiwa na kikapu cha majani ya watu siku ya Bwana. Kuyapeleka kituo cha kupimia siwezi, karani anajua yangu yamekatwa. Kuyaacha hapo ni ushahidi. Nikayabeba mbio nikayazika kwa shimo la mbolea, nikamtumia Faith video, nikaingia kitandani, na Baba Faith aliporudi akaniambia kanisa lote limesimama kuniombea tumbo. Nikasema asante.

Jumatatu asubuhi nasikia kelele ng'ambo ya ua. Wachunaji wa Mama Chebet wamefika wakapata mistari minne imechunwa, tena imechunwa safi, na yeye anasema huyu si mwizi wa kubahatisha, huyu ni mtu wa kazi (niwaambie ukweli, kuna kipande changu kilichofurahi). Nikampigia Faith mara tisa ili asiiweke hiyo video. Simu imezimwa, yuko darasani.

Jioni tukakutana kwa Mama Chebet, akina mama wote. Yeye kabla ya mambo ya aproni akasema tuombe, na akamwomba Mungu aliyemwibia majani ajulikane, na ajulikane upesi, kabla jua halijatua. Nikasema amina. Niliisema kwa nguvu kuliko wote, mpaka mama niliyekaa naye benchi akanitazama.

Hatujakaa hata vizuri, mama mmoja kule nyuma akasema kwa furaha kwamba video ya fundi wetu imetoka, na akaiwasha kwa sauti ya juu. Nikajisikia nikiongea, sauti tamu ya mtu asiye na dhambi, "Karibuni hapa kwa shamba langu." Nyuma yangu tangi la bluu la Mama Chebet. Halafu ng'ombe wa Mama Chebet akalia humo kwa video (hata mara ya mwisho hakuninyamazia), na pale nje ng'ombe huyo huyo akalia tena. Mtu akauliza kwani hiyo kwaya ya kanisa inayosikika kwa mbali si ya jana, tulipokuwa tunamwombea tumbo. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikasimama nikaungama yote, mpaka shimo la mbolea. Wengine walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta machozi na leso, lakini Mama Chebet hakucheka. Aliangalia ile video mpaka mwisho, akarudisha simu kwa mwenyewe, akaniambia pole pole, "Aproni ni nzuri, nimeona. Lakini mama Faith, ungeniomba shamba ningekupa. Hata hiyo simu ningekushikia mimi."

Hapo ndipo nililia. Vicheko vyote vile vilikuwa vimenipita, lakini hilo la kunishikia simu liliniingia mahali sikuwa nimejifunga aproni.

Walipiga kura, na aproni thelathini zikaenda Litein, kwa sababu walisema kijana angalau alijimwagia maji yake mwenyewe. Nikarudi nyumbani na cherehani yangu ile ile ya kuvunja sindano. Lakini Jumanne asubuhi Mama Chebet akaja mlangoni, akanunua aproni moja, akajifunga hapo hapo, akaniambia nichukue simu twende kwake tufanye hiyo kazi vizuri, na kwanza nimchunie mistari mingine minne, badala ya ile niliyoizika kwa mbolea.

Tangu siku hiyo nimeapa, siingii kwa majani ya mtu bila kubisha hodi, hata kama ni ya kupigia picha, na kanisani naenda tumbo likiuma ama lisiume. Video bado nafanya, na watu wananunua, hata wa mbali wananipigia. Ila Mama Chebet ameweka sharti moja na hataki kulilegeza. Kila video, hata ile niliyochukua jikoni kwangu nikijimwagia sufuria ya maji, lazima aanze yeye, akiwa amesimama mbele ya kamera na mikono kiunoni, "Hii shamba ni yangu, na huyu nimempa ruhusa."