Amina ya Pili

Kanisa letu hapa Migori lilikaa na kinanda miaka mingi bila kumkosea mtu. Mpigaji wake ni mimi. Balaa nililileta mwenyewe nilipowashawishi wazee wa kanisa tutafute kisanduku cha kupamba sauti, kile kinachoipa kwaya mwangwi kidogo, ionekane inaimba kwenye jengo kubwa kuliko hili letu la mabati. Maiki zote zikapitia humo. Nikakiunganisha na kinanda kwa waya wa MIDI, ule unaopitisha maagizo badala ya sauti, ili nikibonyeza kitufe kwenye kinanda, kisanduku nacho kibadilishe sauti bila mimi kuinuka. Kitabu cha maelekezo sikukifungua. Nilijiona fundi.

Sabato ya tatu tangu tukiweke, baba yangu, ambaye ni mmoja wa wazee hao, alikuwa akifunga ibada kwa maombi. Mimi, macho wazi, nikachagua wimbo wa mwisho kwenye kinanda ili uwe tayari. Baba akasema Amina, na spika zikasema Amina, Amina, Amina, mpaka mara ya sita, kama mtu aliyetumbukia kisimani. Watoto walicheka wazi. Wakubwa walichekea ndani ya leso.

Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Tangu siku hiyo akawa anaomba bila maiki. Sauti yake ilikuwa imepungua tangu alipougua koo, na akina mama wa viti vya nyuma walijua tu amemaliza wakiona watu wa mbele wanafungua macho. Wazee wenzake waliamua kwamba jambo lile likijirudia, kisanduku kitafungiwa stoo. Stoo haikunishughulisha. Nilitaka baba arudi kwenye maiki.

Ijumaa alasiri nikamwomba funguo. Akaja nazo mwenyewe, akaketi benchi la mbele, akaniambia jua likigusa paa la posho mill, kinu cha unga cha ng'ambo ya barabara, anafunga, niwe nimemaliza au sijamaliza, kwa sababu Sabato haimngoji mtu.

Nikafungua kitabu kwa hasira. Niliwasema waliokiandika, nikausema waya, mwishowe nikajisema mwenyewe. Kumbe kinanda kina sehemu nyingi, ya besi, ya nyuzi, ya sauti ya juu, na kila moja inatuma maagizo yake kwenye chaneli yenye namba yake. Mimi nilikuwa nimekiacha kisanduku kisikilize chaneli zote. Kilikuwa kama shangazi yangu wa Rusinga: ukimwita mtu yeyote pale bomani, anayeitika ni yeye. Nilipochagua wimbo, kinanda kiliiagiza besi ibadilike, na kisanduku kikadhani kimeambiwa chenyewe, kikarukia mwangwi mkubwa kuliko yote.

Nikakipanga kisikilize chaneli ya kumi na sita peke yake, ambayo hakuna sehemu ya kinanda inayoitumia, kisha nikatenga kitufe kimoja tu cha kutuma agizo huko. Nikachagua wimbo baada ya wimbo huku nikihesabu kwenye maiki. Mwangwi haukuja. Nikabonyeza kitufe changu, ukaja. Nikabonyeza tena, ukaondoka. Nikamwomba baba asogee ajaribu kusema Amina.

"Maombi si ya kujaribia, nyara," akasema, akainuka na funguo zake. Kwa Kijaluo neno hilo ni "binti yangu", na huniita hivyo akiwa hataki mabishano.

Kesho yake, wakati wa maombi ya kufunga, alisimama mbali na maiki kama alivyozoea. Akaniangalia. Kisha akaisogelea. Ningeweza kuketi nisiguse kitu, lakini wimbo wa mwisho ulikuwa haujachaguliwa, na nilikuwa nimechoka kuogopa. Katikati ya maombi nikauchagua.

Baba akasema Amina. Hakuondoka. Alibaki ameinama mbele ya maiki, akisubiri, na kanisa zima likasubiri naye. Spika zilinyamaza.

Ndipo Amina ya pili ikatoka viti vya nyuma, ya akina mama waliomsikia. Baba akainua kichwa akawatazama, na mimi nikaanza wimbo huku machozi yakidondokea kinanda.