Siku Mji Mzima Ulipomwita Baba Mkwe Wangu

Jamani, habari hii sikutaka kuisimulia, na hata sasa uso unaniwaka nikiwa peke yangu jikoni, lakini kwa kuwa nusu ya Mbulu walikuwepo na nusu nyingine wamehadithiwa (tena kwa chumvi nyingi), bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaikuta kwa mama mmoja muuza ndizi pale sokoni, ambaye kwenye simulizi yake mimi nilizimia. Sikuzimia. Natamani ningezimia.

Mnakijua kile kibanda cha bendi cha zamani, pale uwanjani nyuma ya soko, chenye pembe nane na nguzo nyembamba za chuma na paa la bati lililochongoka. Wazee wanasema zamani Jumapili mchana watu walikuwa wanavaa nguo nzuri wanakwenda kusikiliza matarumbeta hapo, watoto wanakizunguka mbio, vijana wanajifanya wanaangalia bendi kumbe wanaangaliana. Mimi nilikikuta kimeshachakaa, mbao za sakafu zimeng'oka, watu wa boda boda wanajikinga mvua humo na mbuzi wa mtu kalala katikati, na bado nilikipenda tangu utoto, nikitoka Endagikot na mama kuja sokoni, kwa sababu lile paa lina tabia yake. Ukipaza sauti ukiwa ndani, linakurudishia mkia wa maneno yako. Linameza mwanzo, linarudisha mwisho, mara mbili tatu, taratibu, kama mtu mzima anayekuiga kwa upendo. Hadi leo sijaona jengo jingine hapa kwetu linalojibu.

Kwa hiyo ilipozuka habari ya kukibomoa ili zijengwe fremu za maduka, mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kelele, na mwalimu akipiga kelele watu husikiliza (au huchoka wakakubali). Ikaundwa kamati, mbao zikapigwa upya, rangi ikapakwa, ikapangwa siku ya kukifungua na bendi ya matarumbeta ya kanisani ipige kama zamani. Mshereheshaji nikateuliwa mimi. Nilifurahi sana, siwafichi. Kipaza sauti ni ugonjwa wangu.

Sasa hapa ndipo penye mambo. Mimi nimeolewa Gendabi, kwa wafugaji, na kwao mke hatamki jina la baba mkwe wake. Si jina tu, hata neno linalofanana na hilo jina analikwepa, anatafuta jingine la kuzungukia, na wanawake wa kule wanaifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba unaweza kukaa nao kutwa usigundue. Jina la baba mkwe wangu sitawaandikia. Chukueni neno kibanda, ondoeni silabi ya mwanzo, kinachobaki ndicho. (Kuandika kibanda naruhusiwa, niliuliza kwanza.)

Mume wangu, Petro, aliniambia mapema kabisa kwamba mimi ni mtu wa milimani na hakuna anayenidai maneno ya Kiswahili, nisitaje jina tu, inatosha. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu na mama mkwe. Mama huyu hakutaka mwanawe aoe mwanamke asiyejua hata kukamua, na tangu ndoa alikuwa hajakanyaga nyumbani kwangu. Sasa akatuma ujumbe kwamba watakuja Mbulu siku hiyo ya sherehe, yeye na mzee, kuniangalia nikiwa kwa watu. Akiridhika atalala kwangu. Asiporidhika kuna basi la jioni. Nikatandika kitanda kwa shuka mpya, na nikajiapiza kuwa siku hiyo neno kibanda halitatoka kinywani mwangu, ili mama aone kwamba nina adabu kuliko hata mabinti wa kwao. Huo ndio uamuzi mdogo niliofanya. Hakuna aliyeniomba.

Walifika asubuhi. Baba mkwe ni mzee mrefu, mnyamavu, masikio yake yamechoka, na kwa ajili ya baridi ya kwetu Petro alikuwa amemnunulia koti zito, basi akaonekana kama mzee yeyote wa hapa milimani (shikeni hilo koti, lina kazi yake). Nikapiga magoti, nikawaamkia, wakaitikia, nikawakalisha mstari wa mbele kabisa ili mama asikose kitu.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Nikasema karibuni kwenye jengo letu hili, nikasema kijumba chetu cha pembe nane, nikasema hapa waliposimama wapuliza tarumbeta wa zamani. Mama mkwe akanitazama, akatikisa kichwa kidogo kukubali, na mimi pale pale kichwa kikavimba. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu.

Tatizo lilikuwa salamu. Kamati ilikuwa imetunga salamu ya siku hiyo, na mnajua sisi na salamu za mikutano, kwamba mshereheshaji akiita "Kibanda!" umati unajibu "Chetu!" Mwenyekiti wa kamati, bwana mmoja mgeni kidogo mjini, mwenye haraka siku zote, akaninong'oneza kwamba nimesahau salamu. Nikamwambia nimeibadilisha. Akauliza kwa nini. Ningemweleza angeelewa, ni mtu mzima na mila anazijua, lakini mimi nikaona nina akili sana, nikageukia umati nikasema, "Leo tunageuza. Mimi nikisema Chetu, ninyi mnasema jina lake."

Nikaita. Wakaitikia, uwanja mzima, wanafunzi wangu, wanakwaya, wauza mboga, watu wa boda boda, kwa nguvu zao zote. Na paa lile nililolipenda tangu utoto likameza mwanzo likarudisha mwisho. Banda. Banda. Banda.

(Hapa nimeandika, sikutamka.)

Kwa kuwa iliitikiwa vizuri, nikarudia. Nikarudia tena. Nilikuwa nimefumba macho kidogo kwa raha, na nilipofumbua baba mkwe alikuwa amesimama. Mzee wa watu, na masikio yake yale, alikuwa amesikia mji mzima unamwita kwa jina, na kwao mzee akiitwa mbele ya watu hakai, anakuja. Akashika fimbo yake, akavuta koti, akapanda ngazi za kibanda taratibu na kusimama kando yangu.

Ningesema tu, "Huyu ni baba mkwe wangu, ameitika kwa bahati mbaya," watu wangecheka kidogo kwa heshima, tungeendelea. Lakini tulikuwa tunamsubiri mgeni rasmi, Mzee Tluway, aliyepiga tarumbeta pale enzi za ujana wake, na Mwenyekiti alikuwa hamjui kwa sura. Akaona mzee mwenye koti, anapanda kwa kujiamini, akajua huyo ndiye. Akamrukia kwa shikamoo, akampokea fimbo, akawapungia mkono bendi, bendi nayo ikalipuka. Na kabla sijafungua mdomo, baba mkwe wangu, ambaye maisha yake yote amepuliza labda moto tu, amewekewa tarumbeta mikononi na mji mzima unapiga makofi.

Akalitazama. Akaligeuza upande wa pili, akalitazama tena. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee aliyemjua pale juu, na katika yale macho niliona anauliza afanye nini, na mimi nikatabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu. Nikikumbuka hilo tabasamu huwa nafunika uso kwa mikono.

Mzee akaweka tarumbeta mdomoni. Kilichotoka sitakieleza, ila watoto walianguka chini kwa kicheko, na paa likarudia.

Wakati huo huo Mzee Tluway mwenyewe kafika, kaketi nyuma na tarumbeta lake limefungwa kwenye kitambaa, na mtu kamwonyesha Mwenyekiti kwa kidole kwamba yule ndiye. Mwenyekiti akabadilika rangi. Akanisogezea kipaza sauti kikiwa wazi, akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani basi?"

"Ni baba yake mume wangu."

"Anaitwa nani, tumtambulishe vizuri, tumwombe radhi."

Petro alikuwa amekwenda kutafuta mafuta ya jenereta. Mama mkwe alikuwa ananikazia macho. Nikakisukuma kipaza sauti pembeni. Umati ukaanza kunong'ona kwamba mwalimu hajui jina la baba mkwe wake, mwingine akasema kwa sauti kwamba labda ndoa ni ya juzi, vicheko vikaanza upya, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikanyoosha kidole juu, kwenye paa, nikasema, "Kama hiki."

"Kama nini?" akauliza Mwenyekiti.

Na mji mzima, nilioufundisha mwenyewe muda si mrefu, ukajibu kwa pamoja. Paa likarudia. Na baba mkwe, kwa adabu zake, akaitika.

Hapo hakuna aliyebaki hajacheka. Hata watu wa bendi waliweka vyombo chini. Mzee akasimama katikati yao, tarumbeta mkononi, anageuka huku na huku akitafuta anayemwita, mpaka akaelewa kwamba haitwi, anachekwa. Aliliweka lile tarumbeta chini polepole sana, akachukua fimbo yake mwenyewe, akashuka. Mama mkwe alikuwa ameshajifunika shuka lake la mabegani mpaka puani na kuondoka.

Niliwakuta stendi. Nilikimbia na viatu vya sherehe mkononi, nikawaomba msamaha wote wawili, nikaanza kujieleza kwa haraka kwamba mimi sikulitamka, mama, hata mara moja, nilijizuia tangu asubuhi, mashahidi wapo. Baba mkwe alikuwa anatazama pembeni. Mama aliniacha nimalize, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha mnadani, pole pole, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Kweli. Wewe hukulisema. Umewafundisha watu wote walichezee."

Adabu niliyokuwa nikiionyesha siku nzima ilikuwa ya kunipamba mimi, na mwenyewe mwenye jina nilimwacha amesimama mbele ya watu na tarumbeta, nikitabasamu ili nisionekane mbaya. Hata kumtoa kwenye lile tarumbeta, ambako hakukuhitaji jina lolote, ilikuwa kumshika mkono tu na kusema, "Baba, twende."

Basi la jioni liliondoka nao. Wamekwishanisamehe, anasema Petro, na yeye si mtu wa kunidanganya, ila mama hajazungumzia tena habari ya kuja Mbulu. Kipaza sauti nimekiacha, wameniomba kwenye harusi na mahafali nimekataa. Mwezi ujao tunakwenda Gendabi, na nimeapa kwamba safari hii sitaonyesha adabu yoyote ya kutazamwa. Nitamtafuta mzee alipo, nikae karibu naye, na mtu yeyote akimcheka nitasimama.