Kifungo ya Jenerali

Hii stori inanionesha mjinga. Nimejaribu kuizungusha ili nionekane na akili hata kidogo, imekataa, basi nimeiacha vile iko.

Mi ni fundi wa cherehani. Nakaa barazani, mbele ya duka ya vitambaa, pale soko ya Muyinga. Nguo zangu watu wanazisifu. Mdomo yangu, bado.

Jenerali sisi wote tulimjua, hata kama yeye hakutujua. Alizaliwa upande wa Gasorwe, akachunga mbuzi za watu, akaacha shule darasa la sita kama mimi. Tofauti ni kwamba mi niliingia kwa cherehani, yeye akaingia porini na bunduki. Alitoka huko na nyota mabegani na watu wa kumfungulia mlango ya gari. Magari yake yakipita Muyinga, pikipiki, baiskeli za ndizi, mama na beseni kichwani, wote tunaingia kwa mtaro. Mi nimeingia mara tatu, moja nikiwa nimebeba suti ya bwana harusi. Watu walisema risasi haimuingii. Walisema na mambo mengine juu yake, lakini hayo waliangalia mlango kwanza.

Jumamosi moja ya kazi za kilima, zile za kijiji kizima, alikuja kupanda miti na wananchi. Kuinama tu, kifungo ya koti ikaruka. Askari mmoja akaja mbio sokoni: "Fundi! Sindano, uzi, panda gari!" Bon, nikapanda. Nilimkuta jenerali amekaa ndani ya gari na singleti, anakula hindi ya kuchoma. Kwa singleti alikuwa kama mjomba wa mtu yeyote.

"Fanya haraka," akasema. "Naenda kumsalimia mama. Akiona kifungo imetoka, ataniuliza kama mke amenikimbia."

Mdomo yangu haina breki. "Jenerali, mwambie mke hana kosa. Ni tumbo njo imefukuza kifungo."

Yule askari aliacha kupumua. Mi pia. Jenerali akanitazama, akatazama tumbo, akacheka mpaka punje ya hindi ikamtoka mdomoni. Akanivunjia nusu ya ile hindi. "Shona, mjinga we."

Njo yote. Dakika tano labda. Sikumuona karibu tena.

Sasa kuna dada yangu, mkubwa kwangu. Alingoja miaka mitatu aolewe na kijana wa Ryansoro, kule Gitega. Kwanza walingoja nyumba ijengwe. Halafu bati zikakosa. Halafu mafuta ikapotea nchini, na lori ya bati ikalala mpakani Kobero mpaka tukaanza kuulizia habari yake kama ya mgonjwa. Kila mwaka dada anavaa ile gauni niliyomshonea, mi nasema hapa nimeongeza, yeye anasema hapa umepunguza, tunakasirikiana, anaikunja.

Siku ya kujulishana tulienda Ryansoro. Familia ya kijana wamekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, na Kiswahili chao kimenyooka kama shati ya pasi. Kila mi nikisema "iko", shangazi wa kijana anatabasamu. Baba wa kijana akahesabu watu wazito wa ukoo wake: mwalimu, mchungaji, nesi wawili. Akamaliza, akatugeukia. "Na upande wenu?"

Mama alikuwa anafungua mdomo aseme fundi. Nikamuwahi.

"Sisi, jenerali ni baba yetu mdogo."

Soda ikampitia mama puani. Dada akanifinya paja. Lakini nani atasema mbele ya wakwe kwamba mtoto wa nyumba iko nadanganya? Walinyamaza, na mi nikaona wamekubali. Nikaongeza kwamba ananipenda sana ju mi namchekesha. Hiyo angalau ilikuwa na ukweli ya nusu hindi.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Siku nne kabla, redio ilianza asubuhi kupiga nyimbo za polepole. Jenerali amekufa. Presha, hospitali, kitandani. Sokoni watu walikuwa kama wamedanganywa: miaka yote ile porini, risasi zimemkosa, kumbe chumvi njo itampata! Wengine walilia kweli. Jirani yangu anayeuza viatu hakulia wala hakusema neno. Alifunga duka, akaenda kulala, na hakuna aliyemuuliza. Mi nilikumbuka ile singleti, nikahuzunika kama robo saa. Halafu nikamkumbuka baba mkwe wa dada, huzuni ikatoka mbio.

Alhamisi wakwe wakaja. Watu watano wamebanana kwa gari moja, na kreti za soda, maharagi, na dumu ya bia ya mtama. Waliingia kwa mama, wakakaa kimya vile inatakiwa, mpaka mzee, baba wa kijana, akavua kofia.

"Poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Harusi tumeisimamisha. Tutangoja mpaka mtakapoganduka."

Kuganduka, kwetu, ni ile sherehe ya kumaliza msiba. Kabla yake familia ya marehemu haichezi, haiolewi. Kwa mtu mkubwa vile, mwaka unaweza kupita. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe. Vikombe vikaanza kugongana, ti-ti-ti. Nyuma ya nyumba bia ya ndizi ilikuwa inatoa povu kwa mapipa, na ile haingoji mtu aganduke.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo hapo. Mi nikasema: "Baba, jenerali mwenyewe alisema harusi isisimame."

"Alisema lini?"

"Kabla ya kufa."

"Redio imesema siku kumi alikuwa hasemi."

"Aliandika."

Shangazi akainua macho. "Lete tuone."

"Iko... iko kwa mjomba."

"Mjomba gani?" Huyo alikuwa mama. Ilimtoka tu, maskini, akajifunika mdomo na kitenge.

Mzee hata hakushtuka. "Haya. Basi Jumamosi tutakwenda mazishini pamoja. Wewe utatutangulia mpaka kwa familia, tuwape mkono."

Nikaiona yote: askari, kamba ya kuzuia watu, mi na wakwe watano nyuma yangu, na mbele yule mama mzee ambaye jenerali mzima alimuogopa ju ya kifungo. Wakwe niliweza kuwadanganya. Yule mama, apana.

"Baba, sisi si ndugu zake. Mi nilimshonea kifungo."

Shangazi akauliza, "Vifungo vingapi?"

"Moja."

"Kimoja," akanisahihisha, hata hapo!

Mzee akasimama, akakaa, akasimama tena. "Kijana, unajua nimepataje mafuta ya gari hili? Nchi nzima inatafuta mafuta! Mkubwa wa kilima ametoa dumu lake la akiba, lile la kupelekea wagonjwa, kwa sababu nimemwambia tumefiwa na jenerali. Sasa nirudi nimwambie tumefiwa na kifungo?"

Niliuma ulimi nisicheke. Dada akaweka sinia chini.

"Baba, mi niko nangoja miaka mitatu. Kama mnanikataa ju ya mdomo ya huyu, niambieni sasa hivi, niite majirani wakunywe ile bia."

Mzee akanigeukia. "Huyo jenerali, alikwambia nini?"

Nikaeleza yote, hindi, tumbo, mama yake. Shangazi akaanza kucheka, akaacha katikati.

"Mama yake yuko hai bado?"

"Iko."

"Kwa hiyo yeye ndiye anamzika." Safari hii hakunisahihisha.

Mzee akavaa kofia. "Mama yule amepoteza mtoto. Hilo hatuliwezi. Lakini huyu binti hatapoteza mwaka kwa uongo wa mdogo wake. Jumamosi watu wanazika, tutaheshimu. Jumapili tunaoa."

Shangazi akaanza kurudisha kreti kwa gari. "Hizi zilikuwa za msiba," akamwambia mama. "Zitarudi Jumapili."

Walipoondoka nilimfuata dada uani, anaosha vikombe. Nikamwambia, umeona, mwishowe nani ameokoa harusi? Hakugeuka.

"Jumapili utakaa nyuma kabisa, kando ya masufuria," akasema. "Mdomo yako ifunguke kwa kula tu. Na mtu akikuuliza we ni nani hapa, mwambie umekuja na viti vya kukodi."